Jina la Mtunzi

Ikupa alimwona Ngassa kabla Ngassa hajamwona. Alikuwa kibandani kwake karibu na maegesho ya malori pale Tunduma, ameinamia spika kubwa iliyofunguliwa mgongo, bisibisi mdomoni na waya wa shaba umezungushwa vidoleni. Miaka mitano ilikuwa imepita. Mabega yake yalikuwa yamepanuka, na nywele za juu ya paji la uso zilikuwa zimeanza kurudi nyuma, lakini ile namna yake ya kulaza kichwa upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza kitu ambacho wengine hawakisikii, ilikuwa ileile. Ikupa akashika nguzo ya kibanda cha jirani.

Njia nzima kutoka Mbeya alikuwa akijipangia maneno. Angeanza na salamu, kisha angeomba radhi, kisha angetoa bahasha mkobani na kueleza. Sasa alikuwa hatua kumi tu kutoka kwake na hakulikumbuka hata neno la kwanza.

Mteja mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa akichukua redio yake. Akamshukuru fundi kwa Kibemba, "Natotela, ba Ngassa," na Ngassa alipoinua kichwa kumwitikia, macho yake yakapita juu ya bega la mteja yakamkuta Ikupa.

Hakushtuka, au kama alishtuka hakuonyesha. Alitoa bisibisi mdomoni, akaifuta kwenye suruali, akaiweka mezani polepole.

"Karibu, dada," alisema.

Neno hilo lilimchoma Ikupa kuliko tusi. Zamani alikuwa akimwita Iku, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba watu wakilisikia lingeharibika. Leo alikuwa dada, kama mteja yeyote.

"Ahsante. Habari za siku nyingi, Ngassa?"

"Nzuri. Umeleta nini kitengenezwe?"

"Sijaleta redio."

"Najua," Ngassa alisema. Akageuza ndoo tupu ya rangi, akapangusa kitako chake kwa kiganja, akamsogezea. "Kaa."

Walikuwa wamekutana mwaka 2006 kule Kamsamba, bondeni. Ikupa alikuwa amemaliza kidato cha nne, na alitoka kwao Ikinga, kwenye milima ya Ileje, kwenda kumsaidia dada yake Nesta, muuguzi wa kituo cha afya, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Ngassa alikuwa mtoto wa Mzee Ngusa, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde lile na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Kila asubuhi Ngassa alivuka mto Momba kuja kuuza maziwa, na mgongoni alibeba gitaa alilolinunua kwa bei ya ndama. Maziwa yaliisha mapema. Yeye ndiye aliyekuwa akichelewa kurudi.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata mto ulifurika, na kwa wiki tatu hakuna aliyevuka. Kila jioni Ikupa alishuka ukingoni, akamwona ng'ambo amesimama na gitaa lake, anaimba, na ngurumo ya maji inameza kila kitu. Maji yaliposhuka Ngassa akavuka na wimbo mzima. Aliuimba nyuma ya nyumba ya Nesta, taratibu, akimtazama Ikupa machoni bila kupepesa. Maji yakipungua nitavuka, usiondoke kabla sijafika. Aliurudia mara mbili tu na Ikupa akaushika wote. "Ni wako," Ngassa alimwambia siku ile, na kwa miaka mingi baadaye Ikupa aliyakumbatia maneno hayo mawili kama mtu anayeficha risiti ya kitu ambacho hakukinunua.

Nesta ndiye aliyepeleka habari nyumbani. Baba yao, Mzee Anania Kibona, mzee wa kanisa, alishuka bondeni mwenyewe kumchukua binti yake. Hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba watu wale wanafuata majani, leo Kamsamba, kesho Galula, keshokutwa hakuna ajuaye, na kwamba hakumlea mtoto ili aje azikwe mahali ambapo hata wa kupalilia kaburi lake hatakuwepo. Walipofika Ikinga aliwaita wazee wa ukoo, akamtaka Ikupa aahidi mbele yao kwamba mambo ya yule kijana yamekwisha. Ikupa aliahidi. Alikuwa na miaka ishirini, na hakuwahi kumpinga baba yake hata kwa jicho.

Sasa alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi, mkoba mapajani, na Ngassa alikuwa amerudia kazi yake. Alifunga skrubu moja, akaifungua tena.

"Mzee Ngusa hajambo?" Ikupa aliuliza.

"Alifariki mwaka juzi."

Ikupa alimpa pole. Ngassa aliipokea kwa kichwa. Kisha akamwambia, bila kumtazama, kwamba mzee wake alikufa akiamini kwamba mwanawe ni mwongo.

Alisimulia kwa maneno machache. Siku wimbo ulipotoka redioni kwa mara ya kwanza, walikuwa wamekaa uwanjani pale kwao, majirani wamejaa. Ngassa aliruka juu. Aliwaambia huo ni wimbo wake, aliutunga pale pale ukingoni, na baba yake akacheka kwa furaha mpaka akapaliwa. Kisha wimbo ukaisha, na mtangazaji akasema huo ulikuwa utunzi wake mwenyewe na sauti yake mwenyewe Ikupa Kibona. Majirani walicheka. Kwa miezi mingi kila aliposhika gitaa kulikuwa na mtu wa kumwuliza leo anaimba wimbo wa nani. Mwishowe akaliuza, akapanda Tunduma, akajifunza ufundi.

"Kwa hiyo natengeneza spika," alisema. "Baa zote za barabara hii ni wateja wangu. Nikimaliza kutengeneza wanataka kujaribu kama inalia vizuri. Unajua wanajaribia wimbo gani?"

Ikupa alijua. Machozi yalimjaa, akayazuia, kwa sababu aliona hana haki ya kulia mbele ya mtu huyu.

"Nimekuja kurekebisha," alisema.

"Kurekebisha nini?"

Alifungua mkoba, akatoa bahasha, akatoa fomu. Kisha akaanza kueleza, kwanza kwa kuparaganyika, halafu vizuri kidogo. Mwezi uliopita kulikuwa na semina ya wanamuziki pale Mbeya. Ofisa wa chama cha hakimiliki, Bwana Isaka, aliwaeleza jinsi mirabaha inavyopatikana. Kila anayepigia watu muziki katika biashara yake, iwe baa, hoteli, basi au redio, anatakiwa kulipia leseni. Ada hizo zinawekwa pamoja. Redio zinapeleka orodha ya nyimbo zilizopigwa, na chama kinagawa kwa kufuata majina.

"Ile karatasi wanayobandika kaunta," Ngassa alisema. "Wenye baa hulalamika hapa kila siku. Wanasema inakwenda kuliwa na wakubwa."

"Inakwenda kwa wenye nyimbo. Ni kidogo, na inachelewa, lakini inakwenda. Mwimbaji ana fungu lake, aliyegharamia kurekodi ana lake, na mtunzi ana lake. Wanajua mtunzi ni nani kwa sababu kuna fomu ya tamko. Mtu anaandika jina la wimbo, anaandika jina la mtunzi, anasaini." Aliigusa fomu kwa kidole. "Na haki ya mtunzi haifi naye. Inaendelea miaka hamsini baada ya kifo chake, kwa watoto wake, kwa wajukuu."

"Na kwenye fomu ya wimbo wangu kuna jina la nani?"

Ngassa alijua jibu. Alitaka alisikie likitoka kinywani mwa Ikupa.

"Langu," Ikupa alisema.

Ngassa alitikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyekwisha kuona ubovu ulipo.

Ikupa alimwambia yaliyotokea kwenye semina. Bwana Isaka alikuwa amemwomba asimame, kwa nia njema, awe mfano kwa wenzake. Mnamwona dada huyu, alisema, anatunga mwenyewe na anaimba mwenyewe, kwa hiyo anapata mafungu mawili. Ukumbi ulipiga makofi. Ikupa alisimama pale akisikia masikio yanawaka, na makofi yalipoisha alikaa na hakusikia tena neno hata moja. Alimfuata Bwana Isaka ukumbini watu walipotoka na kumwambia ukweli wote. Ofisa yule hakumkemea. Alisema wao hawakai na mtu wakati anatunga, wanaamini saini yake tu, na mtu akisaini uongo uongo huo ndio unaogawiwa fedha. Alimpa fomu mpya. Inatakiwa saini ya Ikupa ya kukiri, na saini ya mtunzi wa kweli. Mpaka hapo, fungu la mtunzi lingezuiwa, asipewe mtu yeyote. Na yale aliyokwisha kupokea angeyarudisha kwa mwenyewe.

"Niliyopokea nimeyaandika yote," Ikupa alisema. "Nitakulipa hata kama..."

"Sijakuuliza fedha."

Alisema bila kupandisha sauti. Akavuta stuli, akaketi, wakawa uso kwa uso kwa mara ya kwanza. Ikupa aliona makunyanzi madogo pembeni mwa macho ambayo hakuyaacha pale alipoondoka.

"Niambie ilikuwaje," Ngassa alisema. "Siku ya kwanza kabisa. Jina lako liliingiaje?"

Akamwambia. Mwaka 2007 kwaya ya Ikinga ilikwenda kurekodi Mbeya, na Mzee Anania aliwasindikiza kama mlezi. Wakati wa chakula Ikupa alikuwa akiosha vyombo nje ya studio, akaimba kwa kujisahau. Mwenye studio akatoka, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwomba aurekodi peke yake. Wazee wa kwaya waliona hauna ubaya, ni wimbo wa kumsubiri mtu aliye safarini. Ulirekodiwa kwa saa mbili. Kisha mwenye studio akaleta karatasi.

"Baba alikuwa amekaa pembeni yangu. Alivaa miwani akasoma. Akafika pale palipoandikwa mtunzi, akaniuliza, umeutunga mwenyewe? Ngassa, wiki nane tu zilikuwa zimepita tangu nilipoapa mbele ya wazee. Ningekutaja wewe, angejua kwamba wimbo wote ni wewe. Kwamba nilikuwa nakubeba kifuani nikiimba kwaya. Nikasema ndiyo, baba. Akasaini chini kama shahidi."

Lori lilipita likiinua vumbi, na hakuna kati yao aliyefumba macho.

"Hiyo naielewa," Ngassa alisema. "Ulikuwa mtoto, baba yako yuko kando. Hiyo ningeweza hata kukusamehe bila kuombwa. Hiyo fomu ya chama, uliisaini lini?"

"Mwaka 2009."

"Baba yako alikuwa wapi?"

Ikupa alitazama mikono yake. Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia tangu semina, na pengine tangu siku yenyewe.

"Nyumbani, Ikinga. Nilikuwa peke yangu ofisini. Hakuna aliyenisimamia."

"Basi ilikuwa nini?"

Angeweza kusema alisahau. Angeweza kusema alidhani haijalishi. Alimtazama usoni, akaona amechoka kusubiri, akaamua asimwongezee uongo mwingine.

"Nilikuwa nimezoea," alisema. "Watu walikuwa wananiita mtunzi. Nilikuwa naipenda. Nikajiambia uliwahi kunipa, ulisema wimbo ni wangu."

"Nilikupa uuimbe, Iku. Sikukupa ufute jina langu."

Jina lilimtoka bila yeye kutaka. Wote wawili walilisikia. Ikupa alifunika uso kwa viganja, na safari hii machozi hayakuzuilika. Ngassa hakumgusa. Alinyoosha mkono nusu ya njia, juu ya spika iliyofunguliwa, kisha akaurudisha akashika kona ya meza.

Alimwacha alie mpaka akamaliza. Alimletea maji ya kunawa kwenye kopo. Halafu akachukua fomu, akaisoma yote, mstari kwa mstari, kidole kikifuata maandishi.

"Nani anajua habari hii?"

"Wewe. Na Bwana Isaka."

"Mzee Anania?"

"Bado."

Ngassa aliikunja fomu, akamrudishia.

"Sitasaini."

Ikupa alimwambia kwamba hii ni haki yake, kwamba akisaini leo kila kitu kitakwisha, kwamba baba ni mtu mzima sasa na moyo wake si imara. Mzee Anania aliupenda wimbo ule kuliko kitu chochote. Wageni wakija nyumbani aliwawashia redio ndogo, akawaambia binti yangu ndiye aliyetunga. Kumwambia sasa ni kumwambia kwamba alisaini uongo kwa mkono wake, na kwamba kiapo cha mbele ya wazee kilikuwa hewa tangu siku kilipotoka mdomoni.

Ngassa alisikiliza yote.

"Nilifichwa mara moja," alisema. "Nikisaini hapa, halafu baba yako aendelee kuwaambia wageni hivyo hivyo, nitakuwa nimekubali kufichwa mara ya pili, tena kwa saini yangu. Kamwambie. Ukirudi nitasaini."

"Twende wote."

"Hapana. Nikienda ataniona mimi. Hatasikia ulichofanya wewe."

Usiku ule Ikupa alilala nyumba ya wageni, au tuseme alilala macho wazi, na asubuhi akapanda gari la Itumba. Kutoka Itumba alipanda pikipiki mpaka Ikinga, kwenye njia za kona na udongo mwekundu, akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mara mbili alitaka kumwambia dereva ageuze. Alijua kabisa ni kitu gani anachokwenda kukivunja. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache na sifa chache, na katika maisha yake yote alimsifu Ikupa kwa jambo moja tu.

Alimkuta Mzee Anania bustanini nyuma ya nyumba akichambua mbegu za maharage kwenye ungo. Mzee alifurahi, akamwuliza kwa nini hakutoa taarifa wakamchinjia kuku. Ikupa alipiga goti akamwamkia. Kisha hakuinuka.

"Baba, nimekuja kukwambia jambo. Ule wimbo sikuutunga mimi."

Mikono ya mzee ilisimama juu ya ungo.

"Aliutunga Ngassa. Yule wa Kamsamba. Uliniuliza nikakudanganya, na nikakufanya usaini. Baadaye nikadanganya tena kwenye chama cha hakimiliki, bila kushurutishwa na mtu. Baba yake amekufa akimwita mwongo kwa sababu yangu."

Alisema yote hayo akitazama chini. Alipomaliza alisubiri hasira, na haikuja. Aliinua macho. Baba yake alikuwa ameiweka miwani pembeni, na bila miwani uso wake ulionekana mdogo na wa mtu mwingine.

"Ulipokuwa unaimba pale studio," Mzee Anania alisema, "ule mto ulikuwa mto gani?"

"Momba, baba."

"Hapa kwetu tuna vijito. Mtoto wa huku havijui vitisho vya mto kama ule. Hajui kukaa ukingoni wiki tatu, kama Nesta alivyonieleza." Alipumua. "Nilijua, Ikupa. Nilijua kabla hujamaliza ubeti wa kwanza. Nilikuuliza ili useme ndiyo. Nilitaka useme ndiyo, jina lake lisiwepo mahali popote, na jambo liishe. Ukasema. Nikasaini haraka."

Ikupa alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa, na alichohisi kwanza hakikuwa nafuu. Ilikuwa hasira, kali na ngeni, ya kwanza katika maisha yake kumwelekea baba yake. Miaka yote ile alikuwa amebeba mzigo akidhani anambebea mzee asiyejua. Alitaka kusema hivyo. Lakini alimwona mzee akijaribu kuokota mbegu zilizoanguka na vidole vikikataa, akakumbuka kwamba mwaka 2009 mzee huyu hakuwa ofisini.

Aliinama akamsaidia kuokota.

Baadaye, ndani ya nyumba, Mzee Anania aliitaka ile fomu. Aliisoma kama alivyosoma ile ya kwanza. Akauliza kama shahidi wa zamani naye anatakiwa kukiri. Ikupa alimwambia hatakiwi, inatosha saini yake na ya Ngassa. Mzee akasema hata kama hatakiwi, ataandika. Akaagiza koti lake lipigwe pasi.

Walifika Tunduma kesho yake saa saba mchana. Mzee Anania alikuwa amechoka kwa safari, koti limejaa vumbi mabegani, lakini alikataa kupumzika kwanza. Ngassa alipowaona wanakuja alisimama. Alitoka nje ya kibanda, akafuta mikono mara mbili, akamwamkia mzee kwa heshima zote, shikamoo ya mtu aliyelelewa.

Mzee hakuitikia papo hapo. Alimtazama kijana yule kuanzia viatu mpaka kichwani. Ndipo Ikupa akakumbuka kwamba baba yake, kwa yote aliyoyasema juu ya Ngassa miaka ile, hakuwahi kumwona hata siku moja.

"Marahaba," Mzee Anania alisema. "Mimi ndiye niliyesaini kama shahidi. Nilishuhudia nisichokiona, na nilichokijua nilikinyamazia. Nimekuja kukwambia mwenyewe."

Ngassa alimpa mzee stuli, akamshika kiwiko mpaka akaketi.

Fomu iliwekwa juu ya spika, kwa kuwa meza ilijaa vyuma. Ikupa alisaini kwanza, mahali pa kukiri. Mzee Anania akaandika chini, kwa mwandiko wake wa shule ya zamani, maneno ambayo hakuna aliyemwomba, kwamba yeye ni shahidi wa kosa hili na wa marekebisho yake. Kisha ikawa zamu ya Ngassa. Alishika kalamu kwa muda mrefu. Kwenye mstari wa mtunzi aliandika Ngassa Ngusa, herufi kubwa, akikandamiza mpaka karatasi ikaacha alama upande wa pili. Kwenye mstari wa mwimbaji akamwandika Ikupa Kibona. Alilisoma jina la Ngusa, baba yake, kwa kunong'ona, mara moja, halafu akageuka kutazama malori.

Mzee aliomba aonyeshwe maji ya kunywa duka la jirani, ingawa chupa yake ilikuwa bado na maji. Wakabaki wawili.

"Nitaipeleka Mbeya kesho," Ikupa alisema. "Bwana Isaka amesema orodha itakayofuata itatoka na jina lako. Redio nazo nitazipitia moja moja, wamtaje mtunzi. Na Kamsamba nitakwenda. Kwa wale majirani. Nitasimama uwanjani niwaambie."

"Utakwenda kweli?"

"Nitakwenda."

Ngassa alimtazama. Ulikuwa mtazamo mrefu, usio na ukali wa juzi, lakini haukuwa ule wa nyuma ya nyumba ya Nesta, na Ikupa hakuthubutu kuutafsiri. Alitaka kumwuliza kama kuna mwanamke nyumbani kwake. Alitaka kumwuliza kama angelinunua tena gitaa. Aliona kwamba hakuna hata swali moja kati ya hayo ambalo leo alikuwa na haki nalo, akayameza.

"Umenisamehe?" Hilo lilimtoka kabla hajalizuia.

"Nimesaini," Ngassa alisema. "Kusamehe bado. Sitaki kukudanganya."

Ikupa alikubali kwa kichwa. Ilimuuma, na alijua ni sawa imuume. Aliiweka fomu ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mkoba, akafunga zipu mpaka mwisho. Nje Mzee Anania alikuwa amesimama kwenye jua na koti lake, ameshika kofia mkononi, anawapa mgongo kwa makusudi.

"Nikishatoka Kamsamba," Ikupa alisema, "naweza kupita hapa nikwambie ilivyokuwa?"

Ngassa alichukua bisibisi, akaigeuzageuza, akairudisha mezani bila kuitumia.

"Pita mchana, Iku," alisema. "Asubuhi nina wateja wengi."